Sura ya Saba: Zaburi ya Njiani

Pikipiki iliyonibeba kutoka Masisi-Centre kwenda Nyabiondo ilikuwa na maandishi mekundu kwenye madigadi ya nyuma: ZABURI 91. Hayakutoka kiwandani. Mtu aliyachora kwa brashi, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango, na herufi ya U ilikuwa imelala kidogo pale chuma kilipopinda. Ilikuwa miaka michache kabla waasi wa M23 hawajarudi vitani mwishoni mwa 2021. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na barabara za Masisi, mashariki mwa Kongo, zikinyeshewa huwa sabuni. Dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyevaa makoti mawili na buti za mpira, aliniambia nishike chuma nisimshike yeye, maana tukianguka kila mtu aanguke kivyake.

Njiani tukakuta barieri. Kamba ilifungwa kwenye mti upande mmoja, na upande wa pili ilishikwa na kijana mwenye bunduki na kofia ya sufi. Alikuwa wa kundi gani sitasema. Njia ile wakati ule ilikuwa na makundi zaidi ya moja, na yote yalikuwa na kamba. Dereva akatoa faranga elfu moja. Kijana hakuishusha kamba mara moja. Alizunguka nyuma yetu, akayasoma maandishi polepole, midomo ikicheza.

"Yaya, hii Zaburi ni yetu," akasema. "Muchungaji alitufundisha. Benzako wanaanguka kila upande, weye unabaki. Risasi haikujue."

"Ni ya bote," dereva akamjibu.

Kamba ikashuka. Tulikwenda kama mita mia mbili kimya, kisha dereva akageuza shingo nusu. "Ule anasomaka Zaburi ya kusimama na bunduki. Miye ninasomaka ya kupita."

Nimeiandika sura hii kwa sababu ya maneno hayo.

*

Zaburi hiyohiyo iliwahi kusomwa na Ibilisi, na kisa chenyewe kila Mkristo anakijua. Mathayo anakisimulia katika sura ya 4, Luka naye katika sura ya 4 yake, na Marko anakipitia mbio kama mtu anayewahi gari. Yesu amefunga siku 40 nyikani. Anamjia yule ambaye Biblia ya Union humwita mjaribu. Kwanza anataka mawe yawe mkate, na jibu analopewa linatoka katika Maandiko. Kumbe mjaribu amesikia vizuri: kama mambo ni ya Maandiko, hata yeye anayo. Anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, kwani iko Zaburi inayoahidi malaika wa kumdaka mtu kabla mguu haujagonga jiwe.

Katika Mathayo jaribu hilo ni la pili. Luka amelihamishia mwisho, baada ya mkate na baada ya falme za dunia, na mimi naupenda zaidi mpangilio wa Luka. Njaa na cheo ni mitego ya kila mtu. Aliyeiruka yote miwili ndiye anayeletewa mstari.

Wahubiri wetu hupenda kuonyesha kwamba Ibilisi aliukata mstari ule. Ni kweli. Zaburi inasema malaika wameagizwa kumlinda mtu katika njia anazozipita. Luka amebakiza ulinzi akaziacha njia, Mathayo ameacha vyote viwili. Nimesikia mahubiri ya saa nzima juu ya maneno hayo yaliyodondoka, mhubiri akipiga meza kila akifika kwenye neno "njia". Nina shaka kidogo. Watu wa zama zile walinukuu kwa kukata, kwa kuwa msikilizaji aliijua Zaburi yote kwa moyo. Ukimtajia kichwa, mkia anao mwenyewe. Mtume Paulo naye hukata, na hatumwiti shetani. Hata kama Ibilisi angeisoma mistari yote 16 bila kuruka nukta, bado angekuwa anajaribu. Ubaya uko pale alipomsimamisha mtu wake. Kinara cha hekalu si njia. Hakuna anayekwenda sokoni kwa kupitia pale.

Origen, mwalimu wa Aleksandria wa karne ya 3, alipoihubiri Injili ya Luka alimgeukia Ibilisi moja kwa moja na kumuuliza amejuaje kwamba jambo hilo limeandikwa. Alimwona kama msomaji ambaye hasomi ili abadilike. Akaona pia mahali Ibilisi alipofunga kitabu. Mstari unaofuata unazungumzia kumkanyaga simba na nyoka, na nyoka hakutaka kufika huko.

Liko jambo jingine ambalo Origen hakuweza kulijua. Mwaka 1956, katika pango la 11 kule Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yalipatikana mabaki ya gombo dogo la ngozi la zama zilezile za Injili. Wataalamu huliita 11Q11. Ni nyimbo za kufukuzia pepo, zenye kumkemea pepo uso kwa uso na kumtishia shimo, na baada ya nyimbo hizo inakuja Zaburi 91. Kumbe Zaburi hii ilikuwa ikitumika kama kinga tangu wakati ule. Talmudi ya Wayahudi, katika kitabu cha Shevuot, inaipa jina lenye maana ya wimbo wa kukabili mapigo, na inasimulia kwamba Rabi Yehoshua ben Levi alikuwa akiisoma kila usiku kabla ya kulala. Wenzake wanashtuka: si ni yeye huyohuyo aliyefundisha kwamba ni haramu kujitibu kwa maneno ya Torati? Wanajadili, wanapata jibu: kutibu ni jambo moja, kujikinga ni jambo lingine. Na katika Iraki ya leo, mahali kama Nippur, wachimbuaji wamefukua bakuli za udongo zilizofukiwa kifudifudi chini ya sakafu za nyumba, ndani yake maandishi ya Kiaramu yanayozunguka kama konokono. Ni hirizi za kunasa mashetani, na baadhi yake zina maneno ya Zaburi hiyohiyo.

Sasa mtazame Ibilisi pale juu ya hekalu. Vitabu vya Wayahudi vina mistari maelfu. Yeye amekwenda kuchukua ile Zaburi ambayo watu waliisoma ili kumfukuza yeye na jamaa zake, akaitamka kwa mdomo wake, na hakuungua. Ni kama mwizi anayekugongea mlango usiku huku kufuli lako liko mkononi mwake.

*

Nyabiondo iko kama kilomita 100 kutoka Goma kwa barabara, kwenye njia inayotoka Masisi kuelekea Walikale. Milima ni ya kijani kiasi cha kumdanganya mgeni. Ni nchi ya Wahunde, wenye majirani Wanyanga upande wa Walikale, na Wahutu na Watutsi ambao babu zao wengine waliletwa na Wabelgiji kufanya kazi mashambani. Machi 1993 mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi nzima, na tangu hapo watoto wa huku wanajifunza kukimbia kabla ya kujifunza kuhesabu. Desemba 2004 wanajeshi wa upande wa RCD-Goma, waasi wa zamani, waliingia Nyabiondo. Raia waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa. Baadaye mji huu ukajulikana zaidi kwa jina la APCLS, kundi la wapiganaji la Janvier Karairi, ambalo ngome yake ilikuwa Lukweti, mwendo si mrefu kutoka hapo.

Mama aliyenikaribisha alikuwa mwimbaji wa kwaya ya wamama wa Kibaptisti. Baada ya kula fufu na sombe alileta Biblia yake ili tusali. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mwingine. Nikamuuliza kwa nini miwili.

"Ni juu ya mvua, papa. Tukikimbia, tunalalaka kwenye pori."

Akaifungua kwa vidole viwili. Haikuhitaji kutafutwa, ilijifungua yenyewe. Ukurasa wa Zaburi 91 ulikuwa umewahi kutoka, ukarudishwa kwa sindano na uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya gunia la maharagwe, na kwenye kona palikuwa na alama ya kidole iliyokolea mafuta ya mawese. Kuna neno moja halikusomeka kabisa pale sindano ilipopita. Yeye aliliruka bila kusita, maana alikuwa hasomi, alikuwa anatazama tu huku akisema.

Nilimuuliza swali ambalo mgeni hapaswi kuuliza. Nilitaka kujua inakuwaje siku ambayo haikukinga.

Alikaa kidogo. "Ndugu yangu aliijua kwa kichwa kunipita," akasema. Kisha akawaita watoto wapige magoti.

Kuna wanaosema imani ya namna hiyo ni uchawi uliovaa karatasi. Nilikuwa mmoja wao. Lakini mama yule hakuwa ameiuliza Zaburi maswali yoyote. Hakumwekea Mungu siku wala sharti. Alikuwa na shamba la mihogo upande wa pili wa kilima, na shamba halilimwi kwa kukaa ndani. Kesho yake alfajiri nilimwona akiondoka, jembe begani, kikapu kikining'inia kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, na midomo inatembea.

*

Jibu la Yesu juu ya hekalu ni fupi, na linatoka katika Kumbukumbu la Torati, kama majibu yake mengine mawili. Yote matatu yametoka katika sura ya 6 na ya 8. Kwa Myahudi huo ni uwanja wa nyumbani, kwani sura ya 6 ndiyo yenye Shema, ungamo linalosemwa asubuhi na jioni na ambalo hufundishwa mtoto pindi anapoanza kusema. Hakutafuta mstari wa mbali. Amejibu kwa somo la chekechea.

Jibu lenyewe linakumbusha Masa. Waisraeli walikuwa jangwani, wana kiu, wakauliza kama Mungu yuko pamoja nao au la, na wakataka uthibitisho palepale. Jina Masa linatokana na neno la Kiebrania la kujaribu. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi za Ulaya, kwa kuwa kwetu neno ni lilelile: shetani hujaribu, Mungu humjaribu Ibrahimu, mtu hukatazwa kumjaribu Mungu, na fundi hujaribu injini. Mjaribu wa kwenye kinara alikuwa anamsukuma Yesu afanye kazi yake yeye, yaani amjaribu Mungu. Katika Sala ya Bwana Waprotestanti wetu husema "majaribuni" na Wakatoliki husema "kishawishi", na nimewahi kuona harusi ya mchanganyiko ambapo kanisa zima lilijikwaa hapo, nusu huku nusu kule. Ufaransa maaskofu walibadilisha sentensi hiyohiyo katika sala yao Desemba 2017, kwa kuwa ilisikika kama Mungu ndiye anayemtia mtu mtegoni. Kishawishi kinamtaja mtu wa nje anayekuvuta. Majaribu yanaacha mlango wazi: huenda anayejaribu ni shetani, huenda ni Mungu, huenda ni wewe.

Marabi waliupenda mlango huo wazi. Katika kitabu cha Ayubu shetani ana nafasi barazani kwa Mungu, kama mwendesha mashtaka. Kiebrania humtaja kwa cheo, si kwa jina. Talmudi, katika Bava Batra, inamleta mwalimu mmoja aliyefundisha kwamba shetani alimtesa Ayubu kwa nia njema, ili ukuu wa Ibrahimu usisahaulike. Mwalimu mwingine akalirudia fundisho hilo mjini Papunya, na shetani akaja kumbusu miguu. Sijui kama kuna kitabu kingine cha dini kinachomruhusu shetani kushukuru.

Lakini kisa ninachotaka kukisimulia kiko katika Sanhedrin, ukurasa wa 89. Ibrahimu yuko njiani na Isaka, siku tatu za kutembea kwenda mlimani, kuni mgongoni mwa kijana. Shetani anamjia na kuanza kumsemesha kwa maneno ya Maandiko. Anachukua maneno ya Elifazi, rafiki wa Ayubu: wewe uliyewatia wengi nguvu, leo limekufika mwenyewe na unalegea. Ibrahimu anajibu kwa Zaburi: yeye anakwenda katika unyofu wake. Shetani anaongeza mstari kutoka palepale kwa Elifazi, wa kumuuliza kama ucha Mungu wake si upumbavu. Ibrahimu anamrudishia mstari unaofuata katika kitabu kilekile: taja asiye na hatia aliyewahi kuangamia. Hayo ni mashindano ya watu wawili wanaojua kurasa zilezile, kama wazee wawili wa Lamu wakijibizana kwa methali barazani. Kwamba Ibrahimu anamnukuu Daudi na Ayubu kabla hawajazaliwa haliwasumbui marabi hata kidogo.

Shetani anapoona mistari imekwisha, anatupa karata yake ya mwisho, nayo ni ukweli. Anasema amesikia kutoka nyuma ya pazia la mbinguni kwamba kondoo ndiye atakayechinjwa, Isaka hatachinjwa. Ni kweli tupu. Ndivyo itakavyokuwa. Na marabi wanasema Ibrahimu hakumsikiliza, kwa sababu hiyo ndiyo adhabu ya mwongo: hata akisema kweli, haaminiki.

Nimelitafakari hilo mara nyingi. Kama Ibrahimu angeamini, angepanda mlima akijua mwisho. Safari ingekuwa maigizo. Shetani alimpa habari za kweli ili amnyang'anye njia, ayaruke mapito na kutua kwenye jibu. Juu ya hekalu alitaka jambo lilelile.

*

Masisi ina kumbukumbu yake ya Maandiko na barabara, na vijana wengi wa huku hawajaisikia. Wanahistoria huuita uasi wa Masisi-Lubutu. Ulitokea mwaka 1944, kati ya Januari na Mei, wakati Walikale bado ni sehemu ya Masisi. Vita vya Dunia vilitaka mpira, na Wabelgiji walikuwa wameongeza siku za kazi ya lazima mpaka 120 kwa mwaka. Wanaume walipelekwa msituni kugema mpira wa mwituni. Aliyerudi na kikapu pungufu alijua kiboko kinamngoja.

Katika msitu huohuo ilikuwa imeingia Kitawala. Jina linatoka kwenye neno la Kiingereza la mnara, kwa kuwa mbegu yake ilikuwa vitabu vya Mnara wa Mlinzi vilivyopita Afrika ya Kusini na Rodesia mpaka Katanga. Lakini sikio la Mswahili lilisikia "kutawala", na hilo lilitosha kumkosesha Mbelgiji usingizi. Kitawala ilifundisha kwamba wamisionari wameficha sehemu ya Neno, na kwamba siku ya Mwafrika inakuja. Mtu wa kabila la Wakumu, Bushiri Lungundu, akasimama na kujiita Mulumozi wa Yesu. Alisema ametumwa. Watu wakamfuata kwa maelfu, wakaacha mpira ukaoza, na Force Publique, jeshi la koloni, ikaja na bunduki.

Ni rahisi mno kusema Bushiri alikuwa mjaribu aliyewapandisha watu kwenye kinara na kuwaambia waruke. Kuna ukweli fulani humo. Wengi walikufa wakiamini wamekingwa, kama walivyokufa wafuasi wa Kinjekitile Ngwale wakati wa Maji Maji mwaka 1905, na kama walivyokufa waasi wa Simba wa 1964 waliokimbilia risasi wakiita "Mai Mulele". Ila mimi siwezi kuanzia kwa Bushiri. Kabla yake walikuwepo waliomsomea Warumi 13, habari ya kutii mamlaka, mtu mwenye alama za kiboko mgongoni. Huo nao ni mstari mzima, haukukatwa popote. Anayeambiwa "vumilia" na mtu asiyebeba kikapu amewekwa kwenye kinara vilevile. Tofauti ni kwamba yeye haambiwi aruke, anaambiwa akae hapohapo mpaka aanguke mwenyewe.

Mambo hayo hayakwisha na Wabelgiji. Laurent Nkunda, jenerali mwasi, alipokuwa na ngome yake katika milima hii ya Masisi, alipigwa picha na waandishi wa nje akiwa na beji iliyowatangaza watu wake kuwa waasi wa Kristo. Jean-Marie Runiga, aliyeongoza M23 kisiasa mwaka 2012, aliitwa askofu. Upande wa pili, wapiganaji wengi wa Mai-Mai wanachanganya dawa ya maji na Zaburi, na masharti ya dawa yanasomeka kama Amri Kumi zilizopunguzwa: usiibe, usiguse mwanamke, usile kitu fulani. Akifa mpiganaji, imevunjwa sharti. Maji hayakosei kamwe. Ni mpango mzuri sana kwa mwenye maji.

Na kuna "lala salama". Asiyeishi Kivu atadhani ni salamu ya usiku. Huku ni jina la kodi ambayo makundi yenye silaha yamewatoza wanakijiji wa Masisi, Rutshuru na Walikale kwa miaka: unalipa, unapewa kikaratasi, usiku huo hawakuvamii. Wanaokulinda na wanaokutisha ni walewale. Rabi Yehoshua alilala kwa Zaburi 91. Watawa wa Kikatoliki huiimba katika sala ya mwisho ya siku, kabla ya kuzima taa. Mama wa Nyabiondo huisema watoto wakiwa wamepiga magoti. Ahadi ileile ya usiku mwema mtu ameigeuza risiti.

Nisidanganye kwamba balaa hili ni la Kongo peke yake. Katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, waliambiwa wafunge kula mpaka wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, anayeshtakiwa, amekana makosa. Kanungu, ng'ambo ya mpaka wetu upande wa Uganda, mamia waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000 katika kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Yesu alikataa kugeuza mawe kuwa mkate akiwa na njaa yake mwenyewe. Sijaona mahali popote katika Injili alipoifanya njaa ya mtoto wa mwingine kuwa somo.

Evagrio wa Ponto, mtawa aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, aliandika kitabu kizima cha kumjibu shetani: wazo baya hili, mstari huu, wazo baya lile, mstari ule, majibu karibu 500. Kinasomeka kama kijitabu cha duka la dawa. Watawa walikihitaji, na sikicheki. Lakini Ibilisi wa Mathayo angekisoma kwa faida pia. Hakuna mstari ambao haushikiki kwa mkono mwingine. Kwa hiyo naachana na kuhesabu mistari, namtazama anayesoma. Amesimama wapi? Akimaliza kusoma, nani anayepanda na nani anayeruka? Muchungaji wa kijana yule wa kamba, siku risasi zilipolia, alikuwa umbali gani?

*

Nilirudi baada ya siku tatu, na dereva yuleyule. Mvua ilikuwa imekatika, na tope lilikuwa limeanza kukauka. Barieri ilikuwepo, kamba ileile, lakini aliyeishika alikuwa mwingine, mtu mzima mwenye kikohozi ambaye hakusoma chochote. Dereva akamuuliza yule mdogo wake wa juzi yuko wapi. "Alienda," mtu yule akasema, na hatukujua ni kwenda kupi. Faranga elfu moja.

Tulisimama kwenye kijito ili dereva aoshe pikipiki, maana kuingia Masisi-Centre na chombo kichafu ni aibu kwake. Alianza na madigadi. Tope lilikuwa zito, akalikwangua kwa kijiti, na rangi ya mlango ikabanduka pamoja nalo. Tarakimu ya 9 ikaenda na maji. Akarudi nyuma hatua mbili kuangalia. ZABURI 1.

Akacheka mpaka akainama. "Hata hii ni ya njia," akasema. "Si inasemaka juu ya bale banaosimamaka mu njia?"

Sivyo mstari unavyosema, au sivyo hasa. Sikumsahihisha. Akapanda, akaniambia nishike chuma.